Katikati ya Darasa Hapakaliki

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na habari ya shule yangu ikaishia hapo. Lakini shule naijua. Shule ni kukaa, kunyamaza na kuandika. Kwa hiyo mjukuu wangu alipoanza darasa la vidudu, akawa anarudi nyumbani na mchanga kwenye nywele na visoda mfukoni, bila herufi hata moja kwenye daftari, nilifunga kanga yangu nikaenda kumwona mwalimu.

Mtoto huyo ni wa binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi kule tambarare kwenye mashamba ya miwa. Hupanda huku mlimani akipata mapumziko. Siku aliyomleta aliniambia neno moja tu: "Mama, huyu ndiye niliye naye." Sikumjibu, maana sina tabia ya kujibu maneno ya namna hiyo. Lakini nililisikia, na tangu siku hiyo nimelala nalo na kuamka nalo.

Mwalimu alikuwa binti mdogo kutoka Rombo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mtoto wangu anasoma nini hapa? Mimi nyumbani naletewa visoda."

"Anahesabia hivyo, bibi. Siku hizi tunafundisha kwa michezo. Kitu alichokishika mtoto kwa mkono wake hakisahau."

"Sisi tulishikishwa fimbo, na hatujasahau vilevile."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Basi kaa nasi leo. Ukiona tunapoteza muda, niambie mbele ya watoto hawa hawa."

Nikakaa. Nilipewa kiti chekundu cha mtoto, magoti yakanifika kifuani. Darasa lenyewe lilikuwa jipya, tulilijenga sisi wazazi na mabibi kwa mikono yetu; hata mimi nilibeba mawe ya msingi. Kila kona ilikuwa na kazi yake. Kona moja duka, lenye maboksi matupu ya majani ya chai na mizani ya vifuniko. Kona nyingine jiko, mafiga matatu bila moto. Nyingine ya kujengea, vipande vya mbao kutoka kwa seremala. Katikati mkeka mkubwa, ndipo walipokaa wote kuimba.

Siku hiyo mchezo ulikuwa wa makopo. Mwalimu alipanga makopo mezani, mengine ameyajaza mchanga, mengine nusu, mengine hayana kitu, yote yamefunikwa kitambaa. Mtoto anakuja, anafumba macho, anagonga kwa gunzi la mahindi, anasema kilichomo kwa kusikia tu.

"Limejaa!"

"Tupu!"

"Nusu! Mwalimu, hili nusu!"

Nikatazama. Sikutaka kufurahi lakini nilifurahi kidogo, maana hiyo ni akili ninayoijua. Sisi wenyewe hugonga pipa la maji asubuhi kujua limebaki kiasi gani, na sikufundishwa na mtu. Mjukuu wangu akagonga yote, hakukosea hata moja. Ana masikio huyo mtoto. Wenzake wakaanza kugonga kila kitu: mlango, ukuta, vichwa vyao. Kitoto kimoja kikanijia na gunzi kikanigonga tumboni.

"Tumbo la bibi limejaa!"

"Limejaa viazi," nikamwambia, "na ukirudia nitakugonga na wewe tujue kichwani mna nini."

Walicheka wote. Nilirudi nyumbani nikiwa sina ugomvi na mwalimu, na nilipoombwa kuingia kwenye zamu ya kupika uji wa watoto, nilikubali.

Ndivyo nilivyokuja kuona mambo yaliyofuata kwa macho yangu. Jiko la uji lilikuwa nje, nyuma ya darasa, na dirisha lake liko wazi. Nikiwa nakoroga nasikia kila kitu. Watoto wa vidudu wana kelele, hiyo inajulikana. Asubuhi moja, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka migomba ya jirani siioni, kelele zikakatika. Hazikupungua polepole, zilikatika. Nikaacha mwiko nikaenda dirishani.

Watoto walikuwa wamelala kifudifudi kwenye sakafu, sikio chini. Wote. Mkeka wameukunja pembeni. Mwalimu alikuwa ametoka kuchukua chaki ofisini. Mjukuu wangu peke yake alikuwa amepiga magoti, anagonga sakafu kwa gunzi, anasogea kidogo, anagonga tena.

"Limejaa," anasema, kwa sauti ya chini. Anasogea. "Limejaa." Anasogea. "Tupu."

Na wale wengine, bila kuinua vichwa, wakaitikia pamoja kama wako kanisani: "Tupu."

Nilisimama pale dirishani mpaka uji ukaungua.

Mwalimu aliporudi hakukasirika. Alisema ni vizuri sana, wanachunguza, akawapa chaki. Akawaambia wachore palipo tupu na palipojaa. Kwake ilikuwa somo. Walichora asubuhi nzima, wakibishana na kurudia kugonga. Walipomaliza, mchoro ulikuwa kama njia. Ulianzia chini ya ukuta wa upande wa juu, ukapita chini ya mahali pa mkeka, ukajipinda kidogo kabla ya duka, ukatokea ukuta wa chini. Upana wake ni wa mtu mmoja na ng'ombe wake.

"Mmechora mto!" mwalimu akasema.

"Siyo mto," mtoto mmoja akajibu.

Kesho yake chaki ilikuwa imefutika kwa kufagiliwa. Hata hivyo, watoto hawakukanyaga pale. Hakuna aliyewakataza. Walipotoka upande wa jiko kwenda upande wa duka waliruka, kama mtu anavyoruka mfereji, na walitua upande wa pili mahali pale pale pa salama, kila mmoja, hata wale wanaoanguka wakivaa viatu. Mwalimu alitandika mkeka katikati akawaita waje waimbe. Wakaja mpaka ukingoni wakasimama. Akawavuta wawili kwa mikono. Wakalia, na kilio chao hakikuwa cha deko. Mwisho akaimba nao wakiwa wamejibanza kwenye kuta nne, migongo imegusa matofali, na katikati ya darasa hapana mtu. Nimeishi miaka mingi na nimezika wengi. Sijaona kitu kilichonipa baridi kama vile vitoto kuzunguka nafasi wazi, vikiimba na kupiga makofi, macho yote chini.

Jioni nikamkalisha mjukuu wangu jikoni nikamhoji.

"Nani kawaambia msikae kwenye mkeka?"

"Hakuna."

"Basi mnaogopa nini?"

"Chini wamenyamaza."

"Nani?"

"Sijui. Tukigonga wananyamaza."

"Na kabla hamjagonga, mlikuwa mnasikia nini?"

Akafikiri sana, kijiko mdomoni. "Kabla tulikuwa hatusikilizi," akasema.

Nikamwambia ale alale.

Sasa nieleze jambo la kile kiwanja, maana bila hilo mtu atasema bibi huyu anatunga. Huku kwetu ardhi haiachwi. Kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinapandwa mpaka kwenye ukuta wa choo. Ndugu wanafikishana mahakamani kwa upana wa jembe. Lakini kile kipande tulichojengea darasa kilikuwa majani matupu tangu naolewa hapa. Kirefu, kimejipinda kidogo, kimekata katikati ya migomba ya ukoo mmoja. Watu walikata pale majani ya ng'ombe, basi. Hakuna aliyepanda hata mgomba mmoja. Wazee waliojua sababu walikufa nayo, na sisi hatukuwauliza. Kijiji kilipotafuta mahali pa vidudu, ukoo ule ukasema chukueni kile, sisi hatukitumii. Tukapiga vigelegele. Kati yetu wote, watu tunaogombania hata kivuli cha mgomba, hakuna aliyejiuliza kwa nini kipande kizuri vile kiliachwa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akitutisha tukiwa wadogo. Alisema zamani za kuvamiwa na kunyang'anywa mifugo, watu walichimba chini wakaingia na ng'ombe wao na watoto, wakakaa gizani mpaka hatari ipite. Alisema watoto walifundishwa kukaa kimya kule, na asiyeweza kunyamaza alizibwa mdomo. Hapo alikuwa anatuonyesha kwa kiganja chake, anatuziba kweli, mpaka tunapiga mateke. Niliyachukulia kuwa maneno ya kutulaza. Usiku ule niliyachukulia vingine.

Sikuwa na uhakika, nisidanganye. Asubuhi nilimwendea mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima wa makamo, mstaarabu tu.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba. Darasa la vidudu chini lina shimo. Watoto watoke."

"Umeliona?"

"Watoto wamelisikia."

Nadhani alitafuta namna ya kunijibu bila kunivunjia heshima. "Mama, tumemwaga zege pale wote tukiangalia. Nikifunga darasa kwa sababu watoto wanagonga magunzi, nitaambiwa nini mimi? Ngoja masika yapite, tutamwita fundi apaangalie."

Masika yenyewe yalikuwa yameshaanza. Usiku mvua ilipiga mabati kama inadai mtu, na maji yote ya mlima yanashuka na kutafuta pa kupita, juu ya ardhi na chini yake. Nililala nasikiliza. Nilikuwa naona sakafu ile na vile viti vyekundu vidogo. Na yule wa kwangu, ambaye mama yake hana mwingine.

Kulipokucha ningeweza kumbakiza nyumbani, nimalize. Nilifikiri hivyo, mpaka nikamfunga shingoni kanga ya baridi nikamwambia leo huendi. Kisha nikaona kupitia ukungu watoto wengine wanapita barabarani na vikombe vyao vya uji, wameshikana mikono. Nikachukua fimbo yangu.

Nilifika shuleni kabla ya mwalimu kufungua. Nikakaa mlangoni, kwenye ngazi, miguu nimeinyoosha ikaziba njia. Watoto wakafika wakasimama mbele yangu na vikombe. Kina mama wakafika.

"Bibi, tupishe, mvua inanyesha."

"Mvua haijawahi kumla mtoto. Wasimame chini ya bati la jiko."

"Leo bibi amekuwa askari!" mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko.

"Amerukwa huyu," mwingine akanong'ona, lakini masikio yangu bado mazima.

"Nimerukwa, ndiyo. Wewe mwenye akili zako ingia kwanza, ukaruke ruke pale kwenye mkeka, sisi tukutazame."

Hakuingia. Ajabu ni hiyo. Wote walinicheka, lakini hakuna mwanamke mmoja aliyenisogeza mguu akaingia. Na watoto wenyewe walikuwa wametulia kabisa, hawakuuliza kitu, wananyeshewa kidogo, wanatazama mlango ule nyuma yangu kama watu wanaosubiri mwenyeji atoke.

Mwalimu alipokuja nilidhani tutagombana. Aliniangalia, akaangalia watoto. "Bibi," akasema polepole, "mimi ndiye niliyewafundisha kusikiliza. Siwezi tena kuwaambia wamesikia vibaya." Akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Sijui alimwambia nini, maana mwenyekiti alirudi naye upesi, na fundi aliyemwaga ile sakafu, na mtaimbo.

Fundi aliingia peke yake. Akaukunja mkeka. "Hapa?" akauliza.

Watoto walikuwa wamejaa dirishani. Mmoja akamwelekeza: "Sogea huku. Hapo hapo."

Akainua mtaimbo akapiga. Akapiga tena. Vipande vya saruji vikaruka. Akaupiga mara nyingine, na mara hiyo mtaimbo haukurudi. Ulimponyoka mikononi ukazama sakafuni wote, chuma kizima, ukapotea mbele ya macho yetu. Fundi akabaki ameinama, mikono iko wazi. Hatukusikia kitu. Nilikuwa nimeshaanza kusema jina la Mungu ndipo mlio ukafika kutoka chini, wa mbali, mkavu.

Dirishani watoto wakasema kwa pamoja, taratibu, kama mwalimu alivyowazoesha: "Tupu."

Mwalimu akaketi chini pale pale matopeni. Akaanza kuwahesabu watoto kwa kidole, akamaliza, akarudia tangu mwanzo.

Fundi alitambaa kwa tumbo mpaka nje. Baadaye mvua ilipokatika, walivunja kutokea upande wa ukuta, wakafunga kamba kwenye mti, naye akashuka na tochi ya simu. Hakukaa sana. Alipopanda alikwenda kwanza kunawa mikono kwenye ndoo yangu ya maji ya uji, akanawa mpaka viwikoni, ndipo akasema.

"Ni njia. Imechimbwa na watu, alama za kuchimbia zipo ukutani. Udongo wa juu umeshaachana na zege. Pale chini ya mkeka nimepitisha mkono kati ya sakafu na ardhi, umepita wote. Zege lilikuwa linajibeba lenyewe."

Mwenyekiti akavua kofia. "Kuna nini kingine?"

"Hakuna kitu." Akakung'uta mikono. "Pamefagiliwa."

"Nani afagie kule?"

"Mimi nimesema nilichoona, mzee. Pamefagiliwa. Alama za ufagio zipo."

Hakuna aliyetaka kushuka kuhakikisha. Wengine walisema ni maji ndiyo yanayochora vile mchanga. Inawezekana. Mimi maji nayajua, na ufagio naujua, lakini sikushuka, kwa hiyo sisemi.

Wale kina mama walionicheka waliniletea mtori wa ndizi jioni. Nilikula, nikawaambia chumvi imezidi.

Shimo lilijazwa. Kila nyumba ilileta mawe, yakamwagwa siku nyingi, na darasa likafungwa mpaka itakapoamuliwa kama libomolewe. Binti yangu alipanda kutoka tambarare kwa habari alizopigiwa simu. Akamkumbatia mwanaye, akamshika shika mwili mzima kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, kisha akaniangalia. Safari hii yeye ndiye hakusema kitu.

Vidudu wakahamishiwa ukumbi wa kanisa. Ni ukumbi wa zamani, umejengwa juu ya mwamba, mawe yake unayaona yametokeza nje. Fundi alipima sakafu yote kwa mtaimbo mpya, mwenyekiti yupo, mchungaji yupo. Mwalimu akapanga kona zake upya, duka, jiko na mbao, akatandika mkeka katikati. Mimi nilikwenda nao siku ya kwanza, nikiwa nimemshika wa kwangu mkono.

Watoto waliingia mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa ameanza wimbo, anapiga makofi, anatabasamu kwa nguvu. Wakapita kulia, wakapita kushoto, wakafuata kuta. Wakajipanga pande zote nne, migongo kwenye mawe. Mjukuu wangu akaniachia mkono akaenda kujipanga nao. Katikati pakabaki mkeka peke yake.

"Njooni basi," mwalimu akasema. "Hapa ni mwamba. Fundi amepima, mmemwona."

Hawakusogea. Wakanitazama mimi.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "kasimame wewe."

Sikuwa nimefikiria. Nilikwenda. Nilivua kandambili kama mtu anayeingia kwa watu, nikakanyaga mkeka, nikafika katikati kabisa. Mimi ni mtu mzito. Nilisimama pale, na watoto wote macho kwenye miguu yangu, wala siyo usoni.

"Haya. Nimesimama."

"Ruka," akasema mwingine.

Kuna wanawake wa rika langu hawajaruka tangu wavunje ungo. Nilishika kanga kwa mkono mmoja. Mwalimu alinyoosha mkono anikamate, nikamwambia aniache. Niliogopa, na nilijua kwamba nikionyesha tu, hakuna mtoto atakayekaa pale kamwe, wala kwenye sakafu nyingine yoyote.

Nikaruka. Nilivyotua, ukumbi mzima ulikuwa kimya unangoja jibu, na vichwa vyote vimeinama upande mmoja. Mimi sikusikiliza. Niliruka tena, mara nikaona viatu viwili vidogo vimefika ukingoni mwa mkeka.